Mtoto wa paka Makwasinyi: umpe chakula kikavu au cha majimaji?

Anayeleta mtoto wa paka nyumbani Makwasinyi mara nyingi anamleta kwa kazi: kuna magunia ya mahindi, kuna kunde na pojo, na kuna panya. Swali la atakula nini huja baadaye, na likija humkuta mtu yuko dukani Voi, mbele ya rafu yenye vitu viwili. Upande mmoja kuna mfuko wa punje kavu, zinazolia kama kokoto ukiutikisa. Upande wa pili kuna vipakiti vya gramu 85 vyenye vipande vya nyama laini ndani ya mchuzi mzito, pamoja na makopo. Muuzaji atakuambia kwamba kikavu kinakaa muda mrefu na cha majimaji paka wanakipenda zaidi. Maneno yote mawili ni ya kweli, lakini hayakuamulii. Ninavyoona mimi, kwa kijiji kilicho chini ya Mlima Kasigau jibu linaanzia kwenye maji: nunua chakula kikavu kilicho kamili kwa watoto wa paka, kisha ukirudishie maji wewe mwenyewe kwenye bakuli, na vile vipakiti viwe vya akiba na vya kazi maalum. Sababu zake zataka kuelezwa kwa utaratibu, kwa kuwa mwenye kuzielewa ataweza kubadilisha mpango mwenyewe siku hali ikibadilika.

Tuanze na mnyama. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vinasaba vya paka 979, wa nyumbani na wa mwituni, wakaonyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na yule paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye ndugu zake wangali wakitembea usiku katika nyika za Tsavo. Huyo ni mnyama wa nchi kame. Maji yake mengi huyapata ndani ya mawindo, kwa maana mwili wa panya ni maji kwa karibu asilimia 70, na figo zake zina uwezo mkubwa wa kubana mkojo ili maji yasipotee. Paka wako amerithi figo hizo, na pamoja nazo amerithi kiu hafifu. Mbwa akila kitu kikavu hukimbilia maji na kunywa mpaka atosheke. Paka naye huongeza kunywa, lakini ukijumlisha maji ya bakuli na yaliyomo kwenye chakula, mwenye kula kikavu hubaki amepata maji machache kuliko mwenye kula cha majimaji. Tofauti hiyo imepimwa mara nyingi na madaktari wa wanyama, na ndiyo msingi wa kila ushauri wa kupendelea chakula laini.

Sasa hesabu yenyewe. Punje kavu huwa na maji yasiyozidi asilimia 10. Chakula cha kipakiti ni maji kwa asilimia 75 hadi 85. Kwa hiyo gramu 100 za punje za watoto wa paka hubeba takriban kalori 375 hadi 400, na gramu 100 za kipakiti hubeba kama 80 tu. Mtoto wa paka mwenye kilo moja, yaani wa miezi miwili na kitu, huhitaji kalori zipatazo 200 kwa siku, ambazo kwa uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya mahitaji ya paka mzima. Kalori hizo atazipata katika gramu 50 hivi za punje, au katika vipakiti vitatu. Kadirio linalotumika la maji ni mililita moja kwa kila kalori, kwa hiyo huyu wa kilo moja anahitaji kama mililita 200, chini kidogo ya kikombe cha chai kilichojaa. Akila vipakiti, karibu maji yote hayo yamo ndani ya chakula. Akila punje kavu tupu, chakula kimempa kijiko kimoja cha chai au pungufu, na yaliyobaki yote lazima ayanywe, na huyo ni mnyama asiye na mazoea ya kunywa.

Mtu angeweza kuishia hapo akasema basi ni vipakiti. Lakini fuata hesabu hadi mfukoni. Vipakiti vitatu kwa siku ni 90 kwa mwezi, kwa mtoto mmoja, na mahitaji yake yanapanda kadiri anavyokua. Mfuko wa kilo moja na nusu wa punje, kwa gramu 50 kila siku, unamaliza mwezi mzima. Chukua bei zilizoko dukani siku unayonunua, zidisha kipakiti kwa 90, uweke kando ya bei ya mfuko mmoja. Nina hakika utaona mwenyewe pengo lilivyo. Ongeza safari: kutoka Makwasinyi hadi barabara kuu ya Mombasa na Nairobi pale Maungu, kisha Voi, ni nauli na nusu ya siku. Halafu kuna joto. Kopo la gramu 400 likifunguliwa linahitaji friji, kwa sababu mtoto wa paka hawezi kulimaliza kwa siku moja, na nyumba isiyo na friji italazimika kumwaga nusu au kumlisha kilichoanza kuchacha. Mpango wa chakula unaoharibika kila wiki ya tatu kwa kukosa pesa au usafiri unamfanya paka abadilishiwe chakula ghafla mara kwa mara, na tumbo la mtoto wa paka halivumilii mabadiliko ya namna hiyo.

Kabla ya kuzungumzia namna ya kuandaa, kuna jambo lililo kubwa kuliko ukavu au ulaini wa chakula, nalo ni ukamilifu wake. Paka ni mla nyama kwa lazima. Mwili wake hautengenezi kirutubisho kiitwacho taurini cha kumtosha, hauwezi kugeuza rangi ya karoti au ya sukuma wiki kuwa vitamini A, na unahitaji protini nyingi kuliko wa mbwa au wa binadamu. Mwaka 1975 ilidhihirika kwamba paka waliokosa taurini huharibika macho. Mwaka 1987 watafiti wa chuo kikuu cha California, pale Davis, walionyesha kwamba ugonjwa wa moyo kutanuka na kulegea, uliokuwa ukiua paka wengi, ulitokana na upungufu huohuo, na kwamba waliopewa taurini walipona. Kilichowashtua wengi ni kuwa paka hao walikuwa wakila vyakula vya kiwandani, na ndipo viwanda vikaongeza kiasi. Kwa hiyo ukishika pakiti, iache ile picha ya paka mwenye manyoya meupe, tafuta maandishi madogo nyuma. Maandishi huwa ya Kiingereza, na maneno mawili ndiyo ya kutafuta: "kitten", kuonyesha kimetengenezewa watoto, na "complete", kuonyesha kinajitosheleza bila kuongezwa kitu. Palipoandikwa "complementary" pana maana ya kitoweo cha kuongezea tu, na vipakiti kadhaa vizuri vya nyama tupu viko katika kundi hilo. Viwango vya Marekani vinadai protini isiyopungua asilimia 30 katika chakula cha ukuaji, ikipimwa bila maji, dhidi ya 26 kwa paka mzima. Chakula cha mbwa, hata kikiwa cha bei ya juu, hakifai, kwa kuwa mbwa hujitengenezea taurini mwenyewe na watengenezaji hawalazimiki kuiweka.

Hapo ndipo utaona kwa nini naegemea punje. Punje kamili zilizorudishiwa maji zinampa paka vyote viwili, ukamilifu wa lishe na maji ya mawindo, kwa bei ambayo nyumba ya kawaida inaweza kuihimili hadi mwisho wa mwaka. Namna yake ni hii. Chukua vijiko viwili vya mezani vya punje, ambavyo ni kama gramu 12, mwagia vijiko viwili vya maji safi ya vuguvugu, funika kwa kisahani, subiri dakika kumi hadi kumi na tano. Punje zitafura, rangi yake itafifia, na ukibonyeza moja kwa mgongo wa kijiko itasambaratika bila kuacha kiini kigumu katikati. Kiini kikibaki, ongeza kijiko kimoja cha maji ungoje tena. Chakula hicho sasa ni maji kwa karibu robo tatu, sawa na mwili wa panya na karibu sawa na kipakiti cha dukani. Uvuguvugu una kazi yake: paka huamua kwa pua, na chakula chenye joto la mwili hutoa harufu inayomvuta. Maji yanayochemka usitumie. Yanaunguza ulimi na hayaongezi faida yoyote. Kwa mtoto wa wiki nne anayeanza kuachishwa ziwa, maji yawe mara mbili ya punje na uponde mpaka upate kitu kama uji mzito, umpe kwenye sahani bapa kwa sababu bado anakanyaga chakula chake. Kuanzia wiki ya sita punguza maji kidogokidogo, na kufikia wiki ya nane awe anatafuna.

Chakula kilicholowa kina adui wake, na adui huyo Makwasinyi anatambulika: jua. Punje kavu zinaweza kukaa bakulini kutwa bila kuharibika, lakini zikishalowa zinakuwa nyama, na kwenye joto la mchana hazifai kupita saa moja, mbili zikizidi. Kwa hiyo lowesha wakati wa ubaridi. Mpe kilicholowa alfajiri, jioni, na tena kabla ya kulala, na mlo wa mchana uwe punje kavu chache pembeni ya maji. Kinachobaki kitupe kwa kuku, osha bakuli, usiongeze kipya juu ya cha zamani. Sisimizi watakuja hata kabla ya nzi. Weka bakuli ndani ya sahani pana yenye maji, na mtaro huo mwembamba utawazuia. Kuku nao hupenda punje kuliko mtama, kwa hivyo mlishie ndani ya nyumba, au chini ya kreti iliyopinduliwa yenye tundu la kumpitisha yeye peke yake.

Atatokea mtu aseme: maji yenyewe ni ya shida, nawe unataka yamwagwe kwenye chakula cha paka. Hoja hiyo ni ya haki, na lazima ijibiwe kwa vipimo. Vijiji vinavyouzunguka Kasigau, kuanzia Rukanga na Jora hadi Bungule, vinaishi kwa maji ya mlimani. Mlima huo wa mita 1641 una msitu juu unaokamata ukungu, na maji yanashushwa kwa mabomba hadi chini kwenye nyika ambako mvua ya vuli na ya masika hukosekana mara kwa mara. Katika ukame uliozikumba nchi zetu kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa. Mtu aliyepanga foleni na mtungi katika miaka hiyo hahitaji kufundishwa thamani ya maji. Lakini mlo mmoja wa mtoto wa paka unachukua mililita 30. Milo mitatu iliyoloweshwa ni mililita 90, na ukiongeza bakuli la kunywa unafika mililita 200 hivi. Mtungi wa lita 20 unatosha siku 100. Kinachohitajika zaidi ni usafi wa maji kuliko wingi wake: yawe ya kunywa watu, yabadilishwe kila asubuhi, na bakuli liwekwe mbali na chakula, maana paka wengi hawapendi maji yaliyo kando ya sahani yao. Miezi ya kiangazi ndiyo hasa ya kulowesha, kwa sababu ndiyo miezi ambayo bakuli la kunywa husahaulika likakauka, na paka aliyekula punje tupu hana pengine pa kupata maji.

Pingamizi la pili ni la wazee, na lina uzito: paka wa zamani walikula ugali na mabaki, na panya hawakusumbua. Kweli walikula ugali. Lakini ugali ulikuwa nyongeza. Paka mzima wa kijijini alijilisha kwa panya, mijusi, panzi na ndege, na humo alipata taurini, mifupa yenye kalsiamu, na maji. Mtoto wa paka hana chakula hicho cha pembeni, kwa sababu kabla ya miezi minne hivi hajawa mwindaji wa kujitegemea, na miezi hiyo ndiyo ambayo mifupa yake, macho yake na moyo wake vinajengwa. Tena tunawakumbuka waliofikia uzee. Waliodhoofika wakiwa na wiki kumi na kufa hakuna aliyewahesabu. Na juu ya ugali kuna hatari moja zaidi. Unga wa mahindi yaliyoota ukungu, ule ambao watu wanaona ni heri wapewe wanyama, hubeba sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 huko Ukambani, Makueni na Kitui zikiwa ndizo zilizoathirika zaidi, na Makueni si mbali nasi. Kilichomuua mtu mzima hakiwezi kuwa salama kwa kiumbe cha kilo moja. Ugali mzuri, kidogo, uliochanganywa na supu ya samaki, haumdhuru. Kuufanya ndio chakula chake ndiko kunakomdhuru.

Halafu kuna neno ambalo husemwa karibu kila nyumba: paka akishiba hawindi. Hili limechunguzwa. Mwaka 1930 Zing-Yang Kuo, mtafiti wa Kichina, alilea watoto wa paka kwa njia mbalimbali. Kati ya 21 waliolelewa wakiona mama akiua panya, 18 wakawa wauaji wa panya. Kati ya 18 waliolelewa pamoja na panya kama wenzao, ni watatu tu waliowahi kuua. Mafunzo ya mama, basi, yana nguvu kubwa kabisa. Mwaka 1976 jaribio jingine lilionyesha paka wakiwa katikati ya mlo wanaoupenda wakiacha sahani ili kumuua panya, kisha wakirudi kula. Kuwinda na njaa ni mambo mawili tofauti ndani ya paka. Haki inanilazimu nitaje na ushahidi wa upande wa pili: mwaka 2021 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba paka waliobadilishiwa chakula wakapewa chenye protini nyingi ya nyama walipunguza mawindo ya kuleta nyumbani kwa asilimia 36. Kwa hiyo chakula kizuri kinaweza kupunguza uwindaji kiasi. Lakini hata hapo thuluthi mbili ilibaki, na paka mwenye afya, anayeona vizuri gizani na mwenye moyo imara, ana faida ghalani kuliko aliyekondeshwa ili awinde. Tena mwenye njaa haketi ghalani. Anakwenda kutafuta vifaranga vya jirani. Ukitaka mwindaji, chukua mtoto wa mama anayewinda, umwache naye mpaka wiki ya nane au ya kumi, kisha umlishe vizuri. Na kama unatega panya kwa sumu, acha kabisa siku paka anapoingia nyumbani, kwa maana panya aliyekula sumu anaweza kumuua anayemla.

Omena ni sura ya peke yake, kwa sababu ndiyo nyama rahisi kuliko zote hapa petu na paka wote wanaitamani. Naipenda kama nyongeza. Inaliwa nzima, pamoja na mifupa, kwa hiyo inaleta kalsiamu ambayo nyama tupu haina. Nyama tupu huwa na fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mtoto wa paka anayelishwa minofu peke yake mwili wake hunyang'anya kalsiamu mifupani mpaka miguu ikapinda au kuvunjika kwa kuruka kidogo tu. Ila angalia mambo mawili. Dagaa wa Pwani wanaopanda kutoka Mombasa mara nyingi huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Hao waloweke na kumwaga maji, au uwaache. Omena wa Ziwa Victoria kwa kawaida hawana chumvi hiyo lakini wana mchanga, kwa hiyo waoshe kwa maji ya vuguvugu mpaka mchanga ukome kutua chini ya sufuria. Pili, wapike. Baadhi ya samaki wabichi, wakiwemo wengi wa ukoo ambao omena ni mmoja wao, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na kuanikwa juani si kupika. Dakika kumi za kuchemka zinatosha. Taurini huyeyuka katika maji, kwa hivyo supu yenyewe imwage juu ya punje badala ya maji matupu. Hivyo umelowesha chakula, umeongeza harufu, na umerudisha kilichotoka. Kijiko kimoja cha omena kwa siku kinatosha. Moyo wa mbuzi au wa kuku, uliochemshwa, ni zawadi nzuri kuliko ini, kwa sababu ini likizidi linamjaza vitamini A mpaka mifupa ya shingo ikakakamaa. Supu ya familia iliyotiwa vitunguu isimguse. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka.

Maziwa nayo yameaminiwa kupita kiasi. Maziwa ya ng'ombe yana protini kama nusu ya ile iliyomo katika maziwa ya mama paka, na sukari yake, laktosi, huwashinda watoto wengi wakishaachishwa ziwa. Wanaharisha, na kuharisha kunawaondolea yale maji tunayohangaikia. Wapo wanaoamini ya mbuzi hayana shida hiyo, lakini laktosi yake inakaribiana na ya ng'ombe. Mtoto wa wiki nane hahitaji maziwa ya aina yoyote. Kwa yatima aliye chini ya wiki nne tafuta maziwa maalum ya watoto wa paka kwenye duka la dawa za mifugo, na umwone daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa wadogo hivyo hufa kwa saa, si kwa siku.

Kwa upande mwingine wako wanaoshikilia kwamba kikavu kisiguse kinywa cha paka kamwe. Ushahidi hauwafikishi huko. Watoto wa paka wengi sana wamekua salama kwa punje zilizo kamili, na paka wengi huishi nazo hadi uzeeni. Hatari iliyo wazi zaidi ni ya madume: mkojo uliobanwa mno huweza kujenga mchanga na kuziba njia nyembamba, na dume anayejikamua bila kutoa mkojo ni mgonjwa wa kufikishwa kwa daktari siku ileile. Kulowesha kunapunguza hatari hiyo bila kukuhamisha kwenye vipakiti. Wale wanaosema punje kavu husafisha meno nao wanategemea kidogo mno. Punje za kawaida hupasuka kwenye ncha ya jino bila kulisugua. Vipakiti vina nafasi yao: mtoto aliyetoka ugonjwani, mwenye vidonda mdomoni, au aliyesusa kula baada ya safari ya kuhamishwa. Na kuna sababu moja ya kumwonjesha kila mara, hata kipakiti kimoja kwa wiki. Paka hujifunza akiwa mdogo kitu gani ni chakula. Mwaka 1978 mtafiti Wanda Wyrwicka alionyesha watoto wa paka wakila ndizi kwa kumfuata mama aliyefundishwa kuzila. Aliyezoea punje tupu mpaka mwaka mmoja anaweza kukataa chakula laini siku daktari atakapomwandikia, na siku hiyo huwa ni ya hatari.

Kununua kwenyewe kuna mtego. Maduka mengi hupima punje kutoka mfuko uliofunguliwa, kwa kilo au kwa nusu kilo, na bei inavutia. Lakini hapo huoni maandishi, hujui mfuko ulifunguliwa lini, wala kama ni cha watoto au cha wakubwa, na mafuta yaliyomo huchacha kwa hewa na joto. Ukilazimika, omba uonyeshwe mfuko wenyewe, soma tarehe, kisha nusa: harufu ya mafuta ya kupikia yaliyokaa inatosha kukurudisha nyuma. Ni bora mfuko mdogo uliofungwa. Ukifika nyumbani uache chakula ndani ya mfuko wake, uukunje, uuingize kwenye mkebe wenye kifuniko, mahali penye kivuli, na uumalize ndani ya wiki sita. Unapobadilisha aina, changanya mpya na ya zamani kwa siku saba, ukiongeza mpya kidogo kila siku.

Utajuaje kama mpango unafanya kazi? Pima uzito. Mtoto wa paka mwenye afya huongeza kama gramu 100 kila wiki, na kufikia miezi miwili huwa na gramu 800 hadi kilo moja. Mizani ya dukani inatosha. Mtie ndani ya kikapu cha katani, cha aina wanayosuka akina mama wa Kasigau, chenye kina cha kumzuia asiruke, umpime nacho, kisha utoe uzito wa kikapu kitupu; andika tarehe na namba ukutani kwa mkaa au kwenye daftari. Wiki moja bila kuongezeka ni onyo. Mbili ni za kwenda kwa daktari wa mifugo. Tumbo lililovimba kwenye mwili mwembamba mara nyingi ni minyoo, na hakuna chakula kitakachomnenepesha kabla ya kupewa dawa, ambayo hutolewa tangu wiki za mwanzo na kurudiwa. Akifika miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa. Mlishe mara nne kwa siku mpaka miezi minne, mara tatu mpaka sita, kisha mara mbili, na punje za watoto ziendelee hadi mwaka mmoja, huku gramu zikifuata jedwali la pakiti na ule uzito ulioandika. Na mkebe ukibakiwa na chakula cha siku kumi, mwagize anayeshuka Voi wiki hiyo akuletee mfuko wa aina ileile.